Kanda za Tena

Katika mtaa wa Tena, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, wamo watu wawili ambao kwa zaidi ya miezi 300 hawajapitisha mwezi hata mmoja bila kupeana nyimbo. Si nyimbo walizotunga wao, kwani hakuna kati yao ajuaye kupiga gitaa wala kughani. Ni nyimbo za wengine, zilizochaguliwa, zikapangwa kwa utaratibu maalumu chini ya mada moja, kisha zikakabidhiwa mwenzi mkononi. Majina yao hayahitajiki. Mtaani mmoja huitwa Fundi na mwingine huitwa Mwalimu, na hata wao wenyewe huitana hivyo hivyo.

Tena, jirani ya Umoja, Donholm na Buruburu, karibu na barabara ya Outer Ring, si mtaa uliovuma katika tarehe ya muziki wa Kenya. Dandora ilitoa Kalamashaka. Kariobangi Kusini ilitoa K-South. Mtaa wa California ulimtoa Jua Cali na genge yake, nayo Buruburu ilijipatia sifa kwa matatu za nambari 58, ambazo muziki wake ulisikika kabla ya gari lenyewe kuonekana. Tena yenyewe ilibakia kuwa mtaa wa wasikilizaji. Hilo si jambo la kudharauliwa. Fasihi simulizi haikamiliki bila hadhira, na hadhira ya Tena ilikuwa na masikio makali.

Chanzo cha kanda hizo kilikuwa redio iliyoharibika. Mnamo Novemba 1997, wakati mvua za El Niño zilipokuwa zikigeuza vichochoro vya Eastlands kuwa mito, binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne alitumwa na babake kuipeleka redio kaseti kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akijifunza kazi katika kibanda cha mjombake. Alipomaliza kuitengeneza, alitia ndani kanda yake ya majaribio ili binti asikie kwamba pande zote mbili za spika zinafanya kazi. Binti akaondoka na redio, na kanda ikiwa ndani. Baada ya siku tatu alirudi na swali: mbona nyimbo nne mfululizo katika kanda ile zilihusu mvua? Ilikuwa kusudi? Fundi akasema hakuwa ametambua. Binti hakuridhika na jibu hilo. Wiki mbili baadaye alileta kanda ya dakika 60, upande wa kwanza ukiwa umejaa nyimbo zinazotaja barua, na upande wa pili ukiwa mtupu. "Jaza," akasema.

Basi kanuni zikazaliwa, kama zinavyozaliwa kanuni za mchezo wowote, bila mtu kuketi kuziandika. Kila mwezi mada moja, tena iwe neno moja tu. Kila mmoja ana dakika 30, yaani upande mmoja wa kanda. Mwezi huu aanze huyu, ujao aanze yule, ili anayefuata asikie kwanza mwenzake amesema nini. Juu ya kijisanduku yaandikwe majina ya nyimbo na waimbaji, basi. Pande zote mbili zikishajaa, vile vijino viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwa kaseti vivunjwe, asije mtu akarekodi juu yake. (Waliokulia zama hizo wanajua kwamba kipande cha seloteipu kilitosha kuivunja kanuni hiyo, lakini hawa wawili hawakuwahi kukitumia.) Na kanuni ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa na uzito kuliko zote: mtu haulizwi kwa nini amechagua wimbo fulani, na akiulizwa hajibu.

Mtu angetarajia kijana wa kibandani apende muziki mpya, na mwalimu mtarajiwa apende wa kale. Mambo yalikuwa kinyume. Kwenye meza ya Fundi zilipita redio na mashine za santuri za wazee wa Eastlands nzima, na wazee hao hawakuleta mashine bila sahani za kuzijaribia. Hivyo masikio yake yakalelewa na Simba Wanyika, Orchestra Super Mazembe, Les Mangelepa, Mbaraka Mwinshehe na wenzao. Mwalimu naye, ambaye baada ya miaka miwili ya chuo cha ualimu alipata kazi katika shule ya msingi hapo hapo Eastlands, alisikiliza walichosikiliza wanafunzi wake, akidai kwamba mwalimu wa Kiswahili asiyejua Sheng ya darasa lake anafundisha ukuta.

Tofauti hiyo ilizua mgogoro wa hesabu. Nyimbo za rumba zilikuwa ndefu. Zilipotolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa ukawa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, na ile sehemu ya pili ndiyo yenye magitaa yanayofukuzana ambayo mpenzi wa rumba hakubali kuyakata. Kwa dakika 30 Fundi aliweza kupata nyimbo nne, au tano akijinyima. Mwalimu, kwa nyimbo zake za dakika tatu na nusu, alipata nane. Fundi alilalamika kwamba mwenzake anasema maneno mengi kumzidi. Mwalimu akajibu kwamba haki ni ya dakika, si ya idadi, na kwamba mshairi wa tarbia halalamiki kwa kuwa mwingine ametunga utenzi.

Mfano huo wa ushairi haukuwa wa bahati nasibu, kwa sababu walichokuwa wakifanya hakikuwa kigeni katika fasihi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ilipokuwa na uhasama, mmoja akifumba na mwingine akifumbua. Kurasa za mashairi za magazeti ya Afrika Mashariki ziliendeleza desturi hiyo kwa miongo mingi. Na kwa wale ambao hawakujaliwa kutunga, redio iliwapa njia nyingine. Kadi za salamu zilizotumwa Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, zilimwezesha mtu wa kawaida kuchagua wimbo na kuutuma kwa jina la mtu mwingine. Mamake Fundi alikuwa mtumaji hodari wa kadi hizo. Wimbo ulikuwa wa mwimbaji, lakini ujumbe ulikuwa wa mama.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Wimbo ukishachaguliwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mwingine, unapata maana ambayo mtunzi hakuitia. Unapata pia maana kutokana na jirani zake: ulichotanguliwa nacho na ulichofuatwa nacho. Katika kanda ya mada "Mji", Mwalimu alifungua upande wake kwa "Tafsiri Hii" ya Kalamashaka, iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambamo vijana wa Dandora wanasimulia ugumu wa maisha yao. Fundi akajibu kwa "Lunchtime" ya Gabriel Omolo, wimbo wa miaka ya mwanzo ya 1970 kuhusu saa ya chakula cha mchana jijini na wale ambao saa hiyo huwapata mikono mitupu. Kati ya nyimbo hizo kuna robo ya karne. Mmoja ni wa kurap na mwingine wa kuchezesha mabega. Ukizisikiliza mbalimbali, utadhani mmoja ni wa hasira na mwingine wa mzaha. Ukizisikiliza kwa kufuatana, kama Fundi alivyozifuatanisha, unagundua kwamba mzaha wa Omolo ulikuwa hasira iliyovaa tai. Uhakiki wa namna hiyo haupatikani kwa urahisi hata katika kumbi za mihadhara.

Lakini maana inayotokana na mchaguaji ina hatari yake, na hatari hiyo ilibisha hodi Agosti 2002.

Mada ya mwezi huo ilikuwa "Pesa", nayo ilitolewa na Mwalimu mwenyewe. Yeye ndiye aliyeanza, akatia ndani "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kutolewa, pamoja na nyimbo kadhaa za vijana kuhusu nauli, kodi ya nyumba na ufukara. Fundi akajibu kwa nyimbo tano. Wa tano, ambao ulifunga kanda nzima, ulikuwa "Malaika", kwa sauti ya Fadhili William.

Yamkini hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali zaidi ya huo. Utunzi wake umegombewa na zaidi ya mtu mmoja, na walioimba ni wengi, kuanzia Miriam Makeba hadi Boney M. Watalii huuimbiwa hotelini kana kwamba ni wimbo wa kumlaza mtoto. Wanasahau, au hawajui, kwamba ni malalamiko ya kijana anayetaka kuoa na hana mali. Kwa maana hiyo ulifaa kabisa mada ya "Pesa". Hakuna mwalimu wa fasihi ambaye angeunyima alama.

Ila katika mwezi huo huo, Mwalimu alikuwa anachumbiwa. Mchumba alikuwa karani katika kampuni ya bima mjini, mzaliwa wa Likoni, mtu mpole mwenye vicheko vya chini chini. Jumapili moja alikuja Tena kuwasalimu wazee, na wakati chai inanywewa kanda ilikuwa ikicheza. Fadhili William alipoanza kuimba, mgeni aliweka kikombe chini. Akauliza kanda ile ni ya nani. Mwalimu akamweleza mchezo wote, kuanzia El Niño hadi kanuni ya mwisho. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwetu, mtu akifanya hivi, amekutunza mbele za watu."

Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi kwa msomaji wa bara. Katika taarabu ya pwani, msikilizaji humwendea mwimbaji na kumtunza kwa pesa. Haendi wakati wowote apendao. Aghalabu husubiri ubeti fulani, au hata mshororo fulani, ndipo anapoinuka na kutembea polepole kati ya viti, noti mkononi, ili waliomo ukumbini waone ameinuka kwa maneno gani. Aliyekusudiwa anajua. Majirani zake wanajua. Mtunzaji akiulizwa, atasema ameupenda wimbo tu. Kijana aliyekulia Likoni, mwenye shangazi na mama wadogo waliomalizana ugomvi wa miaka mitatu kwa njia hiyo katika harusi moja, hawezi kusikia wimbo uliochaguliwa bila kuuliza umeelekezwa kwa nani. Kati ya wanaume wote wa Nairobi, Mwalimu alikuwa amempata mmoja ambaye masikio yake yalifunzwa mafumbo tangu utotoni.

"Mada ni pesa," Mwalimu akajibu. "Wimbo ni wa pesa."

Jibu lilikuwa kweli tupu. Hata hivyo, zilikuwapo nyimbo nyingi za pesa, na Fundi alizijua zote. Zaidi ya hayo hakuuweka katikati, ambako wimbo hupita na wenzake. Aliuweka mwisho, mahali ambapo kanda hunyamaza baada yake na msikilizaji akabaki na maneno ya mwisho masikioni hadi kifute kitakaporuka.

Siku chache baadaye mchumba alifika kibandani akiwa na redio ndogo isiyo na kasoro yoyote. Fundi alitambua mara moja kwamba redio ni nzima na kwamba aliyeileta si mteja. Alimfutia kigoda vumbi na kumwambia, "Karibu, shemeji."

Inafaa kulitazama neno hilo kwa makini. Nairobi hulitumia kwa wepesi mwingi. Hata utingo humwita abiria shemeji ili amsogeze kiti. Lakini kinywani mwa Fundi siku ile lilikuwa tamko kamili. Mwanamume anayekuita shemeji kwa sababu ya mkeo mtarajiwa amejitangaza kuwa ndugu wa huyo mke. Amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wakati huo huo amejipa haki: ndugu hafukuzwi na shemeji, na hakatazwi kuja kumwona dadake. Kwa neno moja alitoa kitu na kuchukua kitu. Mchumba alikaa, wakazungumza habari za Mombasa na bei ya betri, na wimbo haukutajwa.

Mada iliyofuata, ambayo zamu yake ilikuwa ya Fundi kuitoa na kuianza, ilikuwa "Jirani". Alifungua kwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Wapenzi wa rumba wanaujua: mwanamume anajitetea kwa anayemchukia bure. Mchumba aliusikiliza wimbo huo wote, magitaa na yote, akarudisha kanda nyuma akausikiliza tena. Kisha akacheka kile kicheko chake cha chini chini na kutoa hukumu iliyobadilisha mchezo moja kwa moja. Kanda ziendelee. Ila kuanzia harusi, mada atakuwa anatoa yeye.

Hakuna suluhisho lililo bora kuliko hilo. Mwoga wa mishale alikuwa ameomba kushika podo. Walioana Desemba ya mwaka huo, majuma mawili kabla ya uchaguzi mkuu, na katika karamu "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilipigwa mara tatu, kwa kuwa mwezi ule haikuwezekana kukusanya watu Nairobi bila kuipiga. Shemeji alianza kazi yake Januari 2003 kwa mada ya "Ndizi", jambo lililowatesa wote wawili kwa majuma mengi, na yasemekana hilo ndilo alilokusudia.

Je, Fundi alimpenda Mwalimu? Msomaji ana haki ya kuuliza, na mtaa mzima uliuliza. Fundi hakujibu, kwa sababu kanuni ilimruhusu asijibu. Mwaka 2005 alioa mwanamke asiyejali nyimbo za zamani hata kidogo, na wanaishi vizuri. Linaloweza kusemwa ni hili: wako watu ambao wangelisema neno hilo kwa vinywa vyao, na baada ya kulisema urafiki ungekwisha siku hiyo hiyo, kwa kukubaliwa au kwa kukataliwa. Fundi alilisema, kama alilisema, kwa namna ambayo haikumlazimisha mtu yeyote kulijibu. Alilisema kwa mdomo wa Fadhili William, chini ya mada ambayo hakuichagua yeye.

Jaribio la pili lilikuwa la taifa zima. Kufikia mwaka 2007 kaseti ilikuwa imewaaga. Kanda 86 zilikuwa zimejaa katoni moja ya televisheni kibandani, na sasa walitumia diski za CD. Diski hiyo ingeweza kubeba dakika 80, lakini waliishikilia saa moja yao, nusu kwa nusu. Desemba, akifikiria safari za Krismasi na mabasi yaliyojaa magunia na kuku, Shemeji alitoa mada ya Januari 2008: "Nyumbani".

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Kufikia wiki ya kwanza ya Januari, neno hilo halikuwa tena neno la Krismasi. Katika mitaa kadhaa ya Nairobi watu walikuwa wakiambiwa waende kwao. Huruma, Mathare na Dandora, mwendo mfupi kutoka Tena, vitanda na masufuria vilipita barabarani juu ya mikokoteni, wenye navyo wakihamia penye watu wa lugha yao. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na ilivitaja vituo vya redio vya lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea chuki, nyimbo zikiwamo. Wimbo ulikuwa umegeuzwa silaha, na lugha ya wimbo, hata kabla ya maneno yake, ilimtambulisha aliyeupiga nyuma ya mlango uliofungwa.

Babake Mwalimu alitoka Nyeri. Mamake Fundi alitoka Siaya. Kwa miaka kumi jambo hilo halikuwa na uzito zaidi ya kuzitajirisha kanda: Mwalimu alimleta Joseph Kamaru kutoka rafu ya babake, naye Fundi akamleta D.O. Misiani na Shirati Jazz. Babake Mwalimu, ambaye hajui neno la Dholuo, alikuwa akicheza Shirati jikoni, na hakuona ajabu, kwani benga iliyozaliwa Nyanza ilikuwa imekumbatiwa na wanamuziki wa Gikuyu na Kikamba tangu miaka ya 1970, gitaa likawa lile lile na maneno yakabadilika.

Januari ile hawakupokezana. Kila mmoja alitengeneza nusu yake kwake, na nusu hizo zilikutana mwishoni mwa mwezi, barabara zilipopitika. Walipozisikiliza pamoja, sebuleni kwa Mwalimu, huku Shemeji akiwa ameketi kati yao, walisikia jambo ambalo hawakulipanga. Hapakuwa na Gikuyu. Hapakuwa na Dholuo. Kwa mada ya "Nyumbani", kila mmoja alikuwa ameiacha nje lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu hakutaka Kamaru asikike mlangoni pa Fundi. Fundi hakutaka Misiani asikike mlangoni pa Mwalimu, tena alihofia zaidi majirani zake kuliko yeye. Badala yake zilikuwamo nyimbo za ndugu Kinyonga waliotoka Tanga, na za Super Mazembe waliofika Nairobi kutoka Zaire mwaka 1974. Wageni ndio walioletwa kuwaimbia wenyeji habari za nyumbani.

Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, wimbo mmoja ulitokea pande zote mbili. Ulikuwa "Charonyi ni Wasi" wa Maroon Commandos, bendi ya jeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, wimbo wa Kitaita kuhusu ugumu wa kuwa mbali na kwenu. Walikuwa wametaka lugha ya mama ya mtu fulani, nao wakaipata ambayo mwezi ule haikumtisha yeyote. Fundi alipendekeza mmoja wao aufute. Shemeji akakataa. Wakausikiliza mara mbili, kama ulivyorekodiwa.

Februari alitoa mada ya "Chakula", nyepesi makusudi. Machi, baada ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari, akatoa "Viatu". Lugha za nyumbani zilirudi Juni tu, kwa mada ya "Baba", na hazikurudi kwa ulinganifu ambao mtunga hadithi angeupenda. Mwalimu ndiye aliyemrudisha Misiani, kwa sababu ndiye aliyemchezesha babake jikoni. Fundi, ambaye babake alifariki akiwa mchanga, hakuwa na Kamaru wa kumrudisha, akaweka nyimbo nne za Mbaraka Mwinshehe.

Miaka iliyofuata inaweza kusimuliwa kwa ufupi. Diski zikawa kadi za kumbukumbu, kadi zikawa faili za kutumiana kwa simu. Upanuzi wa barabara ya Outer Ring katikati ya miaka ya 2010 uliviondoa vibanda vya kando ya barabara, na Fundi akahamia chumba cha chini cha gorofa moja ndani ya mtaa, ambako hutengeneza simu nyingi kuliko redio. Mwalimu na Shemeji wana watoto watatu, na wa kwanza huona mchezo wa wazazi wake kuwa wa kizee, maadamu simu yake humchagulia nyimbo yenyewe usiku na mchana. Ni kweli simu huchagua vizuri. Inajua anachopenda kuliko mamake anavyojua. Lakini ikimletea "Malaika" mwisho wa orodha, hakuna mtu wa kumwekea kikombe chini.

Katoni ya kanda 86 bado ipo. Baadhi zimeota ukungu, nyingine utepe umegandamana na haukubali kuzunguka hata kwa kalamu. Ile ya Agosti 2002 inacheza bado, ila upande wa pili sauti huyumba kidogo.

Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha, Shemeji alitoa mada ya "Pesa". Katika miaka yake yote ya kutoa mada hakuwahi kurudia hata moja, wala hakuwahi kuigusa iliyotolewa kabla yake. Mwalimu alijaza nusu yake kwa siku nne. Fundi alikawia. Wiki ya tatu Mwalimu akampigia kumuuliza kulikoni, naye akasema kuna wimbo mmoja unamsumbua, na hajui kama Shemeji ataupokea vizuri. Mwalimu akamwambia amuulize mwenyewe.

Usiku huo Fundi aliandika kwenye WhatsApp: "Shemeji, kuna wimbo wa zamani unaifaa sana mada yako. Ukitaka nitauacha."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. "Wa Fadhili au wa Boney M?"

"Wa Fadhili."

"Basi weka. Ila usiuweke mwisho."

Fundi akauweka wa pili, baada ya "Lunchtime".